Minneapolis hadi Missoula katikati ya Januari: safari ya gari kwenye theluji

Dada yetu, mtoto wa mama mdogo, alijifungua mwanzoni mwa Januari mjini Missoula, katika jimbo la Montana. Mama mdogo yuko Kasulu na hakuwa na viza, kwa hiyo ilibidi mtu wa upande wetu aende kumkanda mzazi na kumsaidia kulea. Nilijitolea kwenda mimi, nikafuatana na mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa amepata leseni ya Minnesota miezi michache tu iliyopita na hakuwahi kuendesha gari juu ya theluji nje ya mji. Tungeweza kupanda ndege, lakini tulikuwa na kitanda cha mtoto, masanduku ya nguo, unga wa muhogo na dagaa, na gharama ya kusafirisha mizigo hiyo ilizidi nauli yenyewe. Njia tuliyoichagua ni barabara kuu ya I-94 kuelekea magharibi, kisha I-90, jumla ya takriban kilomita 1,900.

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi nyumbani, kwa kutumia daftari la mdogo wangu na picha za simu. Ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo wanaishi katika majimbo haya ya kaskazini, na wengi hujifunza barabara za baridi wakiwa peke yao ndani ya gari, jambo ambalo ni hatari.

Kabla ya kuondoka

Kazi ya kwanza ilikuwa matairi. Gari letu lilikuwa na matairi yanayouzwa kama ya msimu wote, ambayo mpira wake huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na tairi lililokakamaa halishiki barabara vizuri hata kama meno yake bado ni marefu. Tulinunua ya majira ya baridi, yale yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ubavuni, kwa dola 640 pamoja na kufungwa. Mdogo wangu aliuliza kama tungeweza kufunga mawili tu ya mbele, kwa kuwa gari linavuta kwa mbele. Fundi alikataa kabisa, akaeleza kwamba mbele itashika na nyuma haitashika, kwa hiyo siku ya kukanyaga breki kwenye kona nyuma itataka kutangulia na gari litazunguka. Akaongeza jambo ambalo wenye magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne husahau: uvutaji huo humsaidia mtu kuondoka, lakini haumsaidii kusimama.

Betri tuliipimisha bure kwenye duka la vipuri. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, wakati huohuo oili imekuwa nzito na injini inahitaji nguvu nyingi zaidi ili kuwaka. Yetu ilikuwa imezeeka, tukaibadilisha kwa dola 170. Tuliongeza upepo wa matairi, kwani hupungua baridi inapozidi, na tukaweka maji ya waipa yasiyoganda. Nyuma ya kiti tulipanga mablanketi, beleshi, mfuko wa mchanga, waya za kubusti betri, tochi, mishumaa pamoja na kopo la kuiwashia, kiberiti, maji, karanga na biskuti, yote mahali pa kufikiwa bila kushuka garini.

Jioni moja nilimpeleka mdogo wangu kwenye uwanja mkubwa wa kuegesha magari usio na mtu, uliofunikwa na theluji, nikamwambia aende kilomita 30 kwa saa kisha akanyage breki kwa nguvu. Kanyagio lilitetemeka na kukwaruza chini ya mguu wake, naye akaliachia kwa hofu akidhani kuna kitu kimevunjika.

"Usiachie," nilimwambia. "Huo mtetemo ndio breki inafanya kazi. Kanyaga, shikilia, na uelekeze usukani unakotaka kwenda."

Alirudia mpaka mguu wake ukazoea. Ninamsihi kila mgeni wa nchi za baridi afanye zoezi hili kabla ya kuingia barabara kuu, kwa sababu mara ya kwanza mwili hukataa kutii.

Ijumaa: Minneapolis hadi Fargo, kilomita 370

Tuliondoka saa mbili na nusu asubuhi, jua likiwa limekwisha kuchomoza, maana tulikuwa tumekubaliana kusafiri mchana tu. Kabla ya hapo tulifagia theluji gari zima: vioo vyote, taa za mbele na nyuma, na paa. Wengi huacha paa. Ukikanyaga breki, bonge lote huteremka juu ya kioo cha mbele na kukupofusha, au hung'oka na kumpiga aliye nyuma yako.

Hadi St. Cloud lami ilikuwa nyeusi na yenye majimaji, kwani chumvi ilikuwa imemwagwa usiku na baridi ilikuwa nyuzi 6 tu chini ya sifuri. Baada ya Alexandria kipimo cha garini kilisoma 14 chini ya sifuri, na hapo hali hubadilika, kwa sababu chumvi ya kawaida hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuyeyusha barafu baridi ikipita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Karibu na Fergus Falls niliona barabara bado inang'aa kama iliyolowa, lakini magari yaliyokuwa mbele hayakuwa yakirusha maji hata kidogo kutoka kwenye matairi. Hiyo ni dalili ya kuzingatia: lami inayoonekana imelowa na hairushi maji imefunikwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Niliinua mguu taratibu bila kugusa breki, nikaacha mwendo upungue wenyewe, nikaongeza nafasi kati yetu na lori la mbele mpaka sekunde kumi. Ile swichi inayoshika mwendo bila mguu tulikuwa hatuigusi tangu asubuhi, kwa kuwa gurudumu likiteleza inaweza kuendelea kuongeza mafuta wakati ambapo dereva anapaswa kuyapunguza.

Fargo tulipokewa na mama mmoja kutoka Uvira, rafiki wa mume wa dada yetu. Alitupikia ugali wa muhogo, sombe (kisamvu) na samaki wa kukaanga, akakataa hata kusikia habari ya kulipa. Kabla hatujakaa mezani alimtuma mwanawe nje na waya mrefu wa umeme kuchomeka hita ya injini ya gari letu. Magari mengi ya huku yana plagi ndogo inayoning'inia mbele. Ukiiunganisha na umeme, injini hupata joto usiku kucha. Anayenunua gari Minneapolis au Fargo aulize kama plagi hiyo ipo.

Jumamosi: Fargo hadi Jamestown, kilomita 148

Asubuhi ilikuwa nyuzi 29 chini ya sifuri. Gari letu liliwaka mara moja. Gari la jirani lilikohoa na kunyamaza, naye akabustiwa na mwana wa mwenyeji wetu kwa waya zetu.

Tulipiga 511, namba ya bure ya hali ya barabara inayotumika katika majimbo mengi ya Marekani, tukatazama pia ramani ya North Dakota. Mpaka Jamestown barabara ilikuwa wazi ila na vipande vya barafu. Mbele ya hapo palikuwa na onyo la upepo. Tulikubaliana kufika Jamestown na kuangalia upya. Mji ulikuwa na vyumba vya kulala, na tanki letu lilikuwa limejaa. Katika safari yote hatukuruhusu mafuta yashuke chini ya nusu, kwa sababu mtu aliyekwama hupata joto la injini kwa kutumia mafuta hayo.

Baada ya Valley City niliona kitu ambacho watu wa pwani na maziwa tunaweza kukosa kukielewa mpaka tukikute. Anga lilikuwa la buluu na jua liliwaka, hakuna theluji iliyokuwa ikianguka, lakini upepo ulikuwa ukiikokota ile ya siku zilizopita kutoka kwenye mashamba tambarare na kuipitisha juu ya lami. Kwanza ilikuwa nyuzi nyembamba zikitambaa, kisha ikapanda mpaka kimo cha magurudumu, na dakika chache baadaye ikafika kwenye vioo. Nilikuwa nikiona vilele vya miti na paa za maghala, ila sikuona barabara. Niliwasha taa za kawaida, kwani taa kali hurudishwa machoni na theluji, nikapunguza mwendo polepole nikifuata mstari wa ukingo. Katika hali kama hii usisimame katikati ya barabara, na usisimame ukingoni kama kuna njia ya kutokea iliyo karibu. Anayekuja nyuma haoni, na atazifuata taa zako akidhani unatembea. Tulitoka barabarani Jamestown saa sita mchana.

Nusu saa baadaye vizuizi vilishushwa, na I-94 ikafungwa kutoka Jamestown hadi Bismarck. Vizuizi hivyo ni kama vya reli, na kuvipita ni kosa linaloweza kumgharimu dereva faini ya dola 250. Faini ni jambo dogo. Anayevuka akikwama, waokoaji wanalazimika kumfuata katika upepo uleule uliowafanya wafunge barabara.

Jumapili: Jamestown

Chumba kilikuwa dola 94 pamoja na kifungua kinywa. Mhudumu wa mapokezi aliposikia tunakwenda kumwona mzazi, alitushushia bei ya usiku wa pili hadi dola 75 na kutuazima waya wa kuchomeka gari.

Ukumbi ulijaa madereva wa malori. Mzee mmoja Msomali alitusikia tukizungumza, akageuka na kutusalimia kwa Kiswahili safi cha Nairobi, kwani alikulia Eastleigh. Hupeleka mizigo kati ya Minneapolis na Seattle, na majira ya baridi anayajua kwa miaka mingi. Tulimwita mzee, naye akamwita mdogo wangu kijana, na chai ya maziwa aliyotumiminia kutoka kwenye chupa yake ndiyo chai ya kweli pekee tuliyokunywa njiani.

Mdogo wangu alimwuliza afanye nini akikwama.

"Kijana, jambo la kwanza, usiliache gari," alisema mzee. "Watu wa uokoaji hutafuta gari. Mtu anayetembea kwenye theluji hii hawamwoni, na mwenyewe hajui anakoelekea. La pili, shuka kidogo, uhakikishe bomba la moshi halijazibwa na theluji, ndipo uwashe injini. Washa dakika kumi kwa saa, zima. Kioo cha upande usiopigwa na upepo kifungue kidogo."

Alisisitiza habari ya bomba mara kadhaa, na mimi pia naisisitiza. Theluji ikiliziba, hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi huingia ndani ya gari, na haina rangi wala harufu; mtu aliyejifunika blanketi akisubiri msaada husinzia na asiamke.

Kuhusu malori alituambia tusikae ubavuni mwake, hasa upepo unapovuma, kwa sababu trela tupu husukumwa kutoka njia moja hadi nyingine kabla dereva hajaweza kulirudisha. Vilevile tusiingie mbele yake na kukanyaga breki, kwani lori lililopakia linahitaji nafasi ndefu sana kusimama hata kwenye lami kavu.

Saa tisa alasiri barabara ilifunguliwa. Mdogo wangu alitaka tuondoke, kwa kuwa dada alikuwa amepiga simu mara mbili. Nilihesabu masaa: jua lingezama kabla ya saa kumi na mbili, lami iliyosafishwa muda mfupi uliopita ingeganda upya, na malori yote yaliyorundikana yangetoka pamoja. Mzee naye alikuwa anasubiri asubuhi. Tulimpigia simu mama mdogo Kasulu, naye akasema, "Msikimbizane na baridi, wanangu. Mtoto hakimbii." Tulilala.

Jumatatu: Jamestown hadi Glendive, kilomita 470

Njia ilikuwa imeparuliwa, na kando yake tulipita magari yaliyokuwa mtaroni, mengine yakiwa yamefunikwa mpaka vioo. Kabla ya Bismarck tulikuta gari la kuparua theluji likienda kama kilomita 50 kwa saa, likiinua wingu jeupe lililoficha kila kitu mbele yake. Magari mawili yalilipita na kupotelea ndani ya wingu hilo. Huenda yalifika salama, lakini dereva anayelipita gari hilo la kuparua anatoka kwenye lami iliyosafishwa na kuingia kwenye isiyosafishwa, na katikati haoni ncha ya parua inayojitokeza pembeni. Sisi tulibaki nyuma, mbali, kwa karibu saa nzima.

Bismarck tulivuka Mto Missouri, tukajaza mafuta na kula supu ya kuku na mkate kwa dola 22 watu wawili. Mdogo wangu akashika usukani. Kabla ya Dickinson mtu huingia ukanda mwingine wa saa, na saa hurudi nyuma kwa saa moja, jambo linalopendeza katika siku fupi.

Magharibi ya Dickinson tulifika kwenye daraja fupi. Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu hewa baridi hupita juu na chini yake, wala hakuna ardhi ya kuyapa joto. Nilimkumbusha apunguze kabla ya kupanda. Alipunguza, lakini katikati ya daraja nyuma ya gari iliteleza kulia. Alitoa mguu kwenye mafuta, hakugusa breki, akaelekeza usukani kule ambako mbele ya gari ilipaswa kwenda, na lilipoanza kurudi akaunyosha mapema ili lisipitilize upande wa pili. Yote hayo yalichukua muda wa kuvuta pumzi moja. Nilimsifu wakati uleule, naye akaendelea kuendesha bila kusema neno mpaka Painted Canyon, ambako tulisimama kutazama miamba yenye mistari myekundu ikiwa imekaliwa na theluji.

Glendive chumba kilikuwa dola 82.

Jumanne: Glendive hadi Billings

Barabara ilikuwa kavu, na Mto Yellowstone ulituandama kilomita zote 357, kwa hiyo sina mengi ya kuandika. Ishara za Montana huruhusu maili 80 kwa saa, karibu kilomita 129. Kikomo hicho kimewekwa kwa ajili ya hali nzuri ya hewa; sisi tulikwenda kilomita 95 kwa saa, na polisi hamsumbui anayepunguza mwendo kwa sababu ya hali ya barabara ilimradi akae njia ya kulia. Vituo vya mafuta hapa vipo mbalimbali, na simu hukosa mtandao, kwa hiyo pakua ramani kabla.

Jumatano: Billings hadi Missoula, kilomita 555

Tuliondoka jua linapochomoza. Karibu na Livingston mbao za umeme zilionya juu ya upepo mkali, na malori na magari marefu yalielekezwa kutoka I-90 na kupita mjini. Upepo wa hapo hushuka kutoka milimani kwa nguvu ya kupindua trela. Gari letu dogo liliruhusiwa kuendelea, lakini kitanda cha mtoto kilikuwa kimefungwa juu ya paa, na sikuipenda namna kamba zilivyokuwa zikilia. Tuliwafuata wenye malori mjini. Tulipoteza dakika kumi na tano hivi.

Baada ya Bozeman barabara inapanda mpaka Homestake, mita 1,929 juu ya bahari, ambako maji ya upande mmoja huelekea Atlantiki na ya upande mwingine Pasifiki. Theluji ilikuwa ikianguka pale juu. Hatari ilikuwa mteremko wa kuingia Butte. Nilishusha gia kabla ya kuanza kuteremka, nikaiacha injini ishike gari, na breki nikazigusa kidogo kidogo kwenye sehemu zilizonyooka. Anayekanyaga breki mteremko mzima huzichosha, na kwenye kona yenye barafu matairi hayawezi kusimamisha gari na kuligeuza kwa wakati mmoja.

Kutoka Butte hadi Missoula mvua ya theluji ilikoma. Paa walikuwa wakivuka karibu na Deer Lodge, na kwa kuwa hawatembei peke yao, ukimwona mmoja tarajia wa pili. Tulifika kukiwa bado na mwanga. Tangu Minneapolis petroli ilikuwa imetugharimu dola 165.

Missoula

Mtoto ni wa kike, ana afya. Shemeji, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Montana, alitaka kuchinja mbuzi, tukamwomba kwanza atuonyeshe gari lake, kwa kuwa keshokutwa yake mtoto alikuwa na miadi ya kliniki. Nilichukua sarafu ya senti 25, nikaiingiza kichwa chini katikati ya meno ya tairi: nywele za Washington, yule ambaye sura yake imechorwa kwenye sarafu hiyo, zilionekana zote, ikimaanisha kwamba meno yamebaki kama milimita 3 au pungufu, ambayo hayatoshi kwa theluji. Kesho yake tulipata matairi ya baridi yaliyotumika kwa dola 260.

Kisha tulishughulikia kiti cha mtoto. Dada alikuwa amemvika koti nene la manyoya na kumfunga mikanda juu yake. Nilimwonyesha: tulimfunga hivyo, tukamtoa bila kulegeza mikanda, tukamvua koti na kumrudisha, na mikanda ikapwaya kiasi cha kupitisha kiganja changu. Katika ajali koti hubonyea na mtoto huchomoka. Avikwe nguo nyembamba za kubana, afungwe mikanda igusane na kifua, ndipo blanketi liwekwe juu ya mikanda.

Shemeji aliuliza kama baridi haitamwumiza kati ya mlango wa nyumba na gari. Mdogo wangu akatoka, akaondoa theluji kwenye bomba la moshi, ndipo akawasha gari pale uwanjani, nje kabisa ya banda, akaliacha lipate joto huku dada akimaliza kumvisha mtoto.